Umeme ulikatika, Mugisho akaendelea kusoma

Ilikuwa jioni, nyumbani kwa kaka yangu huku Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mugisho (si jina lake, nataka akikua aweze kunisamehe) alikuwa amekaa mkekani na kitabu chake cha mwaka wa pili, ananisomea ukurasa wenye picha ya mama anayetwanga. Alikuwa anasoma vizuri. Sauti juu, kidole kinatembea chini ya mistari, kwenye nukta anapumzika. Nikajisemea moyoni kwamba kaka yangu anamwonea bure mtoto huyu.

Umeme ukakatika.

Mugisho akaendelea kusoma.

Alisoma mstari uliofuata, na uliofuata huo, hadi mwisho wa ukurasa, katika giza ambalo mimi sikuona hata mkono wangu mwenyewe. Dada yake mdogo akaangua kicheko. Yeye hakuona cha kuchekesha. Alipomaliza aliniuliza mimi shangazi yake, kwa heshima zote, "Tantini, nigeuze karatasi?"

Mshumaa ulipowashwa nikamwomba anioneshe neno "mama" kwenye ukurasa ule ule. Lilikuwapo zaidi ya mara moja. Akaitazama picha kwanza, akanitazama mimi, kisha akaweka kidole juu ya "maji".

Mtoto ana miaka minane. Wiki nyingi zimepita na kidole kile bado kinanisumbua.

## Wimbo wa darasa zima

Aliyewahi kupita asubuhi karibu na shule ya msingi hapa Bukavu anaijua sauti hiyo. Mwalimu anasema sentensi, darasa linaitikia. "Mama anatwanga." "Ma-ma a-na-twa-nga!" Mtoto mwenye masikio mazuri anaushika ukurasa mzima kwa siku chache tu, na Mugisho masikio anayo: nyimbo zote za kwaya ya parokia anazijua, sauti ya kwanza na ya pili. Akishaushika ukurasa, herufi hazimhusu tena. Zinabaki kuwa mapambo chini ya picha.

Sina nia ya kumlaumu mwalimu wake. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza Septemba 2019, watoto waliokuwa wanarudishwa nyumbani kwa kukosa pesa ya shule waliingia darasani, na mimi ni mmoja wa waliofurahi. Vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi ile ile. Ukiwa na watoto waliobanana kila dawati, utamsikiliza nani peke yake, na saa ngapi? Kuitikia pamoja ndiko kunakofanya somo lisonge mbele. Zaidi ya hapo, Mugisho alikuwa mwaka wa kwanza Februari 2025. Februari hiyo, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, mnaijua, siirudii.

Benki ya Dunia inakadiria kwamba nchini kwetu watoto 97 kati ya 100 wa miaka kumi hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Nilipoiona takwimu hiyo mara ya kwanza nilidhani imetiwa chumvi. Sasa najiuliza swali jingine kabisa: hao watatu waliobaki, nani alikaa nao, na alikaa nao lini?

## Kila mtu na ugonjwa wake

Nilipoeleza nyumbani nilichokiona, kila mtu alikuwa na jibu tayari. Baba yake: uvivu. Mama yake: macho, kwa sababu mtoto anasogeza kitabu karibu na pua. Koko, bibi yake: mkono wa kushoto, mkono ambao yeye hajawahi kuupenda kwa mtoto yeyote. Jirani mmoja alitaja mambo ambayo sitayaandika hapa, maana nikiyaandika nitaonekana nayapa uzito.

Mimi nami nilikuwa na langu. Nilikuwa nimeona kwenye kaye yake, daftari lake, b zimegeuka d, na d zimegeuka b. Nikaogopa kwamba kichwa cha mtoto kina kasoro ambayo hatuna pa kuitibia. Nilikesha na simu nikisoma. Nilichokikuta kilinishusha presha: kugeuza herufi hizo ni jambo la kawaida hadi miaka saba au minane, hata kwa watoto wanaosoma vizuri. Ukifikiri, mtoto ana haki. Kikombe ni kikombe, mkono wake ukielekea kulia au kushoto. Tangu azaliwe hakuna kitu kilichowahi kubadilika jina kwa sababu tu kimegeuka, halafu ghafla anaambiwa kijiti chenye tumbo upande huu ni b na upande ule ni d. Kasoro ningeanza kuiwazia kama angezidi miaka hiyo na kufundishwa kwa utulivu, na bado zinageuka. Kufundishwa kwa utulivu ndiko alikokuwa hajawahi kukupata.

Macho tulimpeleka akapimwa. Mazima. Kitabu alikisogeza kwa sababu alikuwa akikagua picha. Mkono wa kushoto niliumaliza kwa dakika moja: kaye alikuwa anawekewa kama ya mtu wa mkono wa kulia, basi anajikunja kama kamba na kufuta kwa kiganja alichokwisha kuandika. Tukaiinamisha kaye upande wa pili. Koko alinuna hadi chakula cha jioni.

Kilichonifungua macho ni matembezi ya kwenda Nyawera. Njiani Mugisho alikuwa ananisomea mabango kwa madaha: Airtel, Vodacom, Orange, hakosei hata moja. Tulipofika nikatoa karatasi mkobani nikamwandikia "Airtel" kwa bik nyeusi.

"Soma hii."

"Sijuwe."

Alikuwa anasoma rangi.

Huenda mwingine angehuzunika pale. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza kaka yangu akaielewa. Darasani mtoto alijiokoa kwa wimbo, kitabuni kwa picha, barabarani kwa rangi. Mwenye akili nzito habuni njia tatu za kuzikwepa herufi bila kukamatwa mwaka mzima. Kazi ilikuwa kumfikisha mahali ambapo njia hizo zote zimefungwa, na bado apende kuwa pale.

## Kiti cha plastiki

Ninafanya kazi kwenye duka la fotokopi na kupiga chapa, si mbali na ISP, chuo cha ualimu. Wanafunzi wananiletea TFC zao, kazi za kumalizia masomo, kurasa juu ya kurasa, na tarehe ya kuzikabidhi ni jana. Wateja ninaowapenda zaidi ni wanaokuja mikono mitupu. Mama anakaa kwenye kiti cha plastiki, ananieleza shida yake, mimi naiandika barua. Nikimaliza namsomea. Wengi wao hawakuwahi kukaa darasani, lakini nikiruka jambo moja tu wananisimamisha: "Hapana, sikusema vile." Wanajua kwamba karatasi ile imebeba maneno yao na si ya mtu mwingine.

Mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alikwenda mbali zaidi. Barua ilikuwa ya kudai pesa aliyokopesha. Nilipomaliza kumsomea akainuka, akaja upande wangu wa meza.

"Mwanangu, deni iko wapi hapa?"

Nikamwonesha mahali. Akapaweka kidole, akakibonyeza kama anayehakikisha hapakimbii, akatikisa kichwa, akalipa, akaenda zake.

Nilibaki nimeduwaa na printa inanguruma. Mugisho hakuwahi kuuliza swali hilo. Hakuwahi kutaka kujua neno fulani liko wapi kwenye karatasi, na kwa nini angetaka? Mama anayetwanga kitabuni si wake. Hamdai kitu.

Jumamosi iliyofuata nilimketisha na rundo la karatasi zilizoharibika pale kazini, zile zenye upande mmoja mweupe. Nikamwambia, "Leo wewe ndiye mkubwa, mimi ni mwandishi wako. Sema kitu, niandike." Alikaa kimya muda mrefu. Watoto wanaokosolewa sana wanajua kukaa kimya. Mwishowe akasema:

"Kuku ya koko ilikula bunga."

Bunga ni unga. Habari ya kweli, tena ya asubuhi ile ile. Nikaiandika kwa herufi kubwa, nikaisoma naye, tukapiga makofi kwa kila silabi, kisha nikachukua mkasi nikaikata neno kwa neno. Akavipanga vipande. Akasoma kwa sauti ya kwaya: "Kuku ya koko ilikula bunga."

Lakini alikuwa amepanga KOKO YA KUKU.

Sikusema kitu. Nilimwomba asome tena, kidole kikae juu ya kila kipande. Akaweka kidole. "Ku..." Akasita. Macho yakahamia kipande cha tatu, yakarudi cha kwanza. Midomo ikawa inajaribu bila sauti, mara imebana, mara imefunguka kidogo. "Ko. Ko. Koko... ya... ku..." Halafu akapiga ukelele: "Koko ya kuku! Koko ya kuku ilikula bunga!" Alicheka hadi akaanguka mkekani, na koko mwenyewe, yule wa watu, akatoka jikoni na mwiko kuuliza kuna nini.

Hapo hakuna wimbo wa kumwokoa mtu, wala picha, wala rangi. Maneno mawili yanatofautiana kwa irabu tu, na mzaha wote umo ndani ya irabu hiyo. Ili acheke ilibidi azione herufi.

Sikuupanga ule mzaha. Kama kuku angekula mahindi sijui tungekuwa wapi leo.

Siku zilizofuata tukavikata vipande tena, silabi kwa silabi. Kiswahili kina huruma kwa mwanafunzi: silabi zake karibu zote zinaishia kwenye irabu, na irabu haibadilishi sauti kwa kutegemea majirani zake. Kutoka kwenye sentensi ile ile ya kuku akatoa "kula", akatoa "yako", kisha peke yake, bila kuambiwa, akasogeza BU kando ya KU akanitazama kwa mashaka. Buku, yaani kitabu! Kitu alichokuwa anakiogopa kuliko vyote kilikuwa kimejificha ndani ya kuku wa bibi yake.

Kuandika kulichelewa, na bado kunachelewa. Herufi d tuliiweka kando kabisa kwa muda, b ikakaa peke yake hadi mkono ulipoizoea. Kuzifundisha mbili hizo siku moja ni kumtafutia mtoto fujo.

## Herufi ya ugomvi

Kisha akanipa sentensi hii: "Batoto banacheza mupira."

Nikaiandika kama alivyoisema. Nilikuwa nimemwahidi kuwa mwandishi wake, na mwandishi anayembadilishia mteja maneno anamfukuza.

Jirani yetu mmoja ni mwalimu mstaafu, alifundisha Bagira miaka mingi. Barabara nzima tunamwita Mwalimu tu. Alikuja kusalimia, akaiona karatasi ukutani, akavaa miwani.

"Dada, hii nini?"

"Maneno yake mwenyewe, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Na kesho akiandika hivi shuleni? Wewe unaandikaka barua za watu na makosa?"

Nikajitetea kwamba mtoto kwanza aelewe maandishi yanatoka mdomoni, mengine baadaye. Akaniambia baadaye inakuja na deni. Akaondoka bila kumaliza chai.

Usiku huo nililala kidogo sana. Nilimkasirikia kila mtu, hadi watu waliokufa zamani. Kiswahili cha vitabuni kilichaguliwa Mombasa mwaka 1928, wakakubaliana kifuate Kiunguja, lahaja ya Zanzibar. Kamati iliyoanza kukisimamia mwaka 1930 ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ilikuwa chini ya Wabelgiji, haikuwamo. Hakuna aliyetuuliza kama tunasema "mtoto" au "mutoto". Yote hayo ni kweli, na hayana faida yoyote kwa mtoto ambaye kaye yake itasahihishwa Jumatatu. Je, nilikuwa namjengea njia, au namwongezea mlima?

Mwalimu alirudi mwenyewe, sikumwita. Akamwambia Mugisho, "Piga makofi: mu-to-to." Matatu. "Sasa piga yangu: m-to-to." Akaitamka m kwa midomo iliyofungwa, peke yake, kama mtu anayeonja mchuzi. Makofi matatu. "Mu-ntu?" Mawili. "M-tu?" Mawili.

"Unaona, Dada? Kofi halikupungua. Ni u tu haiandikwi."

Nilitamani kumkumbatia, ila Mwalimu si mtu wa kukumbatiwa. Akaniambia kwamba Bagira alikuwa akiandika ubaoni mistari miwili: juu mtoto alivyosema, chini kitabu kinavyoandika. Hilo hakulisema siku ya kwanza kwa sababu, nadhani, alitaka kwanza nikubali kwamba mstari wa chini upo.

Tangu siku hiyo karatasi zetu zina mistari miwili. Mugisho anaufanya mchezo wa kuwinda: nini kimebadilika? Ba imekuwa wa. Mu imebaki m. "Tantini," aliniambia siku moja, kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa kweli, "buku inaiba u yangu."

Si kila kitu kinakubali makofi. "Dhahabu" na "thelathini" havina msaada kwetu huku. Tunasema zahabu, na thelathini mtoto anaihesabu kwa Kifaransa. Hapo ni kumwambia tu: wanaandika hivyo, ishike.

## Kaka yangu na barua zangu

"Kiswahili atakijua tu," kaka yangu anasema. "Mufundishe Kifaransa."

Nilikuwa na hoja zangu tayari. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 inaziweka lugha hizo shuleni, za kufundishia na za kufundishwa. Nikamsomea kwenye simu. Alisikiliza vizuri, akaniuliza swali moja.

"Barua za wateja wako, unaziandikaka kwa lugha gani?"

Kifaransa. Mama muuza sambaza alinieleza kwa Kiswahili, mimi nikaandika kwa Kifaransa, kwa sababu karatasi ile ilikuwa inakwenda ofisini. Neno alilolibonyeza kwa kidole lilikuwa "dette". Hata akijifunza herufi zote za ulimwengu, "deni" yake hataipata kwenye karatasi ile.

Kaka yangu hakujua habari za mama huyo. Alipiga tu, akapiga pale pale.

Kwa hiyo sijifanyi kwamba hoja yangu ni chuma. Namfundisha mtoto kusoma lugha ambayo serikali yake haitamwandikia. Ninachoshikilia ni hiki: siri ya kwamba herufi zinabeba sauti mtu huifahamu mara moja tu maishani, na afadhali aifahamu mahali ambapo herufi zinasema kweli. Neno "eau" si mahali pa kuanzia. Herufi tatu, hakuna hata moja inayotoa sauti yake, na zote pamoja zinasema o.

Tulipoanza Kifaransa nilimchagulia maneno yenye adabu: papa, midi, vélo, tomate. Moto, pikipiki kwa Kifaransa, aliisoma kabla sijamwonesha, kwenye karatasi za pikipiki ya baba yake. Kisha nikamwandikia "eau", kwa sababu lazima siku moja akutane nayo. Akaipigia makofi: e, a, u. Nikamwambia inasomwa o. Akaigeuza karatasi, akaangalia nyuma, akairudisha.

"Tantini, hii iliharibika?"

## Hadi sasa

Anasoma mistari mifupi ambayo hajawahi kuiona, polepole, kidole chini. Akichoka anarudi kuimba, namsikia sauti inavyopanda, namwomba aanzie mstari wa mwisho kwenda juu. Anapoandika hasahau tena b. Anasahau kuacha nafasi. "Kukuyakoko" inakaa kama neno moja refu. Simlaumu, mdomo hauachi nafasi, na wateja wangu wengine wazima wananiletea barua za mkono zilizoshikana vivyo hivyo.

Julai inakaribia na nyumba imegawanyika. Mwalimu anasema arudie mwaka wa pili, mguu ukae imara. Mimi nataka apande, likizo nzima tuifanyie kazi. Kaka yangu ameshaulizia shule ya kulipia inayofundisha Kifaransa tangu shule ya watoto wadogo. Juzi tulikuwa tunabishana kwa sauti, mtoto yuko pale pale anasikia. Akainuka, akarudi na kipande cha karatasi, akampa baba yake.

SITAKIKURUDIA.

Kaka yangu aliitazama kwa muda. Akaomba bik, akachora mstari mrefu kati ya SITAKI na KURUDIA, akamrudishia aiandike upya. Kisha akamuuliza kwa nini hakuiandika kwa Kifaransa, na ubishi ukaanza tena.